Ng'ombe wa Kinungi

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Bodi ya Wakurugenzi, na mbele ya Mungu aliye shahidi wa barabara zote, za lami na za vumbi, natangaza rasmi kwamba dereva Waithaka Mwaura, kwa muda wote aliotumikia kampuni hii tukufu, hajawahi kugonga hata mbu."

Maneno hayo mazito yalitamkwa Jumanne asubuhi na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Mkurugenzi Mkuu alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Alikuwa nyumbani kwa likizo, amechuchumaa jikoni kwao Kabiria, amejifunga leso ya mamake na kuvaa soksi za shule, na kichwa chake chote kilikuwa ndani ya sufuria ya ugali. Simu nayo ilikuwa humo humo. Sufuria ilikuwa imesuguliwa vizuri, na kwa kuipa sauti uzito haikuwa na mfano.

"Nashukuru, Mkurugenzi," alisema mwanamke upande wa pili. "Kama nilivyosema, naitwa Debra, napiga kutoka Hurlingham. Sisi ndio tunaochunguza madereva kabla kampuni hazijawaajiri. Samahani, uko wapi? Sauti yako inarudi rudi."

"Niko ukumbini," alisema Wahu, maana hilo ndilo lililokuwa jina la Mkurugenzi nyumbani. "Tunapaka rangi. Viti vimetolewa."

"Aha. Sasa nieleze kidogo kuhusu ile ajali ya Kinungi."

Wahu hakuwahi kusikia habari ya ajali yoyote ya Kinungi. Lakini ulimi wake ulikuwa na mazoea ya kutoka mbio kabla akili haijavaa viatu.

"Aa, ile! Ile haikuwa ajali. Ile ilikuwa ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Alivuka ghafla. Mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Sisi sote tulihuzunika."

Debra akasema, "Asante sana, Mkurugenzi," kwa upole uliozidi kipimo, akakata simu. Wahu akaivua sufuria, akaipangusa jasho, akainjika maji ya chai. Alijihisi kama mtu aliyeokoa taifa.

Si vyema kumhukumu haraka. Babake, Waithaka, alikuwa dereva wa malori makubwa tangu Wahu hajaota meno. Mwajiri wake wa mwisho, Mzee Ndeti, alikuwa ameuza malori yake na kustaafu, na tangu hapo Waithaka alikuwa akishikia watu magari, leo kenta ya mchanga, kesho pikapu ya magodoro. Sasa kampuni moja ya kusafirisha mafuta ilikuwa ikitafuta madereva wa trela, na kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba na bima ya matibabu. Lakini mafuta hayapewi mtu hivi hivi. Walikuwa wamepima macho ya Waithaka, mkojo wake, leseni yake na cheti chake cha tabia njema kutoka kwa polisi. Walikuwa wamemhoji ana kwa ana. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kumpigia simu mwajiri wa mwisho na kumuuliza: huyu ni mtu wa namna gani?

Na hapo ndipo Wahu aliposhikwa na hofu. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za Nairobi, mtoto anayesoma ndiye waziri wa mambo ya mtandao. Yeye ndiye aliyeketi na simu ya babake kujaza maombi ya kazi, na alipofika mahali pa namba ya Mzee Ndeti, kidole chake kikasita. Mzee Ndeti alijulikana kwa ubahili wa maneno. Wakati mmoja Waithaka alileta lori kutoka Malaba katikati ya mafuriko, mzigo ukiwa mkavu kama ulivyopakiwa. Mzee alitoka, akalizunguka lori, akatazama magurudumu yote, akasema, "Umefika." Akarudi ndani. Tena alikuwa hashiki simu za namba asizozijua, kwa kuwaogopa matapeli.

Mtu kama huyo akabidhiwe riziki ya nyumba nzima? Wahu akaandika namba nyingine. Ilikuwa ya laini yake ya pili, ambayo, kwa sababu watoto hawasajiliwi laini, ilisajiliwa kwa jina la nyanyake. Shuleni, huko bwenini, alikuwa bingwa wa mambo mawili. La kwanza ni kuiga sauti za wakubwa. La pili ni kutoa neno la shukrani siku ya wazazi. Aliona kazi hii ilihitaji yote mawili.

Jioni Waithaka aliingia nyumbani akiwa na uso ambao Wahu hakuuelewa. Hakuketi. Alisimama kando ya kochi, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani.

"Mami," alisema. Alimwita hivyo kwa kuwa Wahu alibeba jina la mama mzazi wa Waithaka, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu kwa binti wa kwanza. "Mami, leo nimejua mtu anaweza kukupenda na asikuambie."

"Nani tena, Baba?"

"Mzee Ndeti! Wale watu wa Hurlingham wamenipigia. Walizungumza naye asubuhi. Akanisifu mpaka yule mama akachoka kuandika. Mzee Ndeti! Yule wa 'umefika'!"

Wahu akainamisha uso kwenye kikombe cha chai, kwa unyenyekevu.

"Lakini kuna kitu," Waithaka aliendelea, na sauti ikashuka. "Katika kunitetea, akapitiliza. Niliwaambia habari ya Kinungi vile ilivyokuwa. Nilisinzia, nikaingiza lori kwenye mtaro. Nikawaambia hakukuwa na ng'ombe. Mzee naye amewaambia kulikuwa na ng'ombe. Sasa wanasema mmoja wetu ni mwongo, na mwongo hapewi trela ya mafuta. Nimeitwa kesho saa sita."

Chai ikampita Wahu njia isiyo yake. Mamake, Janice, akampiga mgongoni mara mbili tatu, akauliza, "Na kwa nini Mzee adanganye?"

"Kwa upendo!" alisema Waithaka, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mtu mkavu kama yule, amejitia uongo uzeeni kwa ajili yangu. Nitampitia asubuhi kwanza. Nitamshukuru, halafu nimwombe twende pamoja arekebishe hilo la ng'ombe. Janice, nifungie jogoo."

"Jogoo wa Jumapili?"

"Huyo huyo. Mtu aliyekusemea mahali hukuwepo, humwendei mikono mitupu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Wahu alifungua kinywa. Akamwona babake akitabasamu peke yake, akigeuza geuza kofia, mtu ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya barabarani amesikia kwamba alithaminiwa. Kinywa kikajifunga chenyewe. Angemwambia nini? Kwamba upendo wote ule ulitoka kwenye sufuria?

"Na wewe utanisindikiza, Mami," alisema Waithaka. "Wakitaka mambo ya mtandao, uko."

Mzee Ndeti aliishi Kitisuru, nyuma ya nyumba kubwa ya bintiye, ambako alikuwa amepewa kibanda chake na kipande cha shamba la nyanya. Askari wa langoni alimtazama jogoo kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wageni, kisha akawafungulia. Walimkuta Mzee ameinama kwenye nyanya, amevaa buti za mpira na sweta licha ya jua.

"Mzee," Waithaka alianza. Akanyoosha mikono miwili yenye jogoo. "Mzee, asante. Sina maneno. Asante."

Mzee Ndeti akamtazama jogoo. Jogoo naye akamtazama.

"Huyu ni wa nini?"

"Ni wako. Kwa yale uliyonifanyia."

"Mimi nimekufanyia nini?"

"Ona huyo!" Waithaka akamgeukia binti yake akicheka kwa furaha. "Si nilikuambia? Hataki hata kushukuriwa. Mzee, watu wa Hurlingham wameniambia yote uliyosema kwa simu."

"Simu gani? Mimi sijapigiwa simu."

"Haya, Mzee. Hujapigiwa," alisema Waithaka, akimkonyezea jicho la heshima.

Wahu alikuwa akichunguza jani la mnyanya kama mtu anayetarajia kufanyiwa mtihani wake. Mzee Ndeti akamtazama huyu, akamtazama yule, akampokea jogoo, kwa sababu zawadi ya shukrani haikataliwi hata kama hujui imetoka wapi, akamfunga kwenye mguu wa kiti.

"Ila Mzee, jambo moja," alisema Waithaka taratibu. "Yule ng'ombe. Najua ulimsema kwa wema. Lakini ningeomba uende umwondoe."

Mzee alinyooka mgongo. Ilionekana ni kazi.

"Ng'ombe gani?"

"Wa Kinungi. Uliyewaambia alivuka barabara."

"Mimi?" Mzee Ndeti alijipiga kifua kwa mkono wenye udongo. "Mimi, Ndeti, niseme ng'ombe? Nani ametaja jina langu na ng'ombe mahali pamoja? Ngojeni nichukue kofia."

Walikwenda na pikapu yake kuukuu, watatu kwenye kiti kimoja, Wahu katikati. Mzee aliendesha polepole mno, na kila walipokaribia tuta mguu wa Waithaka ulikanyaga breki isiyokuwepo. Walipofika kwenye msongamano wa Westlands, wamesimama tu, Mzee alimgeukia Wahu.

"Wewe msichana, unajua ni kwa nini sipendi ng'ombe?"

Wahu akatikisa kichwa. Tangu asubuhi alikuwa ameamua kutosema neno kwa sauti, akijua kuna sikio Hurlingham linalolijua koo lake. Alikuwa amemwambia babake kwamba sauti imempotea.

"Nilikuwa na lori sita. Kila moja ikianguka, ni ng'ombe. Gilgil, ng'ombe. Mtito Andei, ng'ombe, na huko hata ndovu wako, lakini dereva atakuambia ni ng'ombe. Wangekuwa wa kweli hao, leo ningekunywesha Machakos yote maziwa. Sasa siku moja babako akanipigia kutoka Kinungi. Nikajisemea, haya, lete. Akasema, 'Mzee, lori iko kwa mtaro. Nililala. Hakukuwa na ng'ombe.'"

"Mzee, wacha hayo," alisema Waithaka, akitazama nje.

"Niwache kwa nini? Unaomba nimwondoe ng'ombe, mimi namwondoa." Akamgeukia tena Wahu. "Nilikaa na hiyo simu mkononi. Nikamwambia arudi, apumzike, keshokutwa achukue lori ingine."

"Hukumfuta kazi?" Wahu alinong'ona.

"Nifute mmoja anasema ukweli, nibaki na wa ng'ombe? Na tangu hiyo siku, akisikia usingizi, anaegesha, ananipigia. 'Mzee, nalala nusu saa.' Ilikuwa mimi ndiye naamshwa ili yeye alale." Gari la mbele likasogea, naye akasogea hatua moja. "Na hakuniambia kwa nini alikuwa amechoka. Nilisikia kwa tanboi wake, yule msaidizi wa lori. Alikuwa ameendesha usiku wote kutoka Busia ili apate siku moja ya kupeleka mtoto kidato cha kwanza. Akapeleka, akarudi kwa gari hiyo jioni."

Wahu aliikumbuka siku hiyo vizuri. Alikumbuka foleni ndefu ya wazazi mbele ya ofisi ya shule, na babake amelala wima, ameegemea sanduku la chuma, mdomo wazi, mbele ya wasichana wote wapya. Alikumbuka jinsi alivyosogea kando kidogo ili watu wasijue ni wake.

Ofisi ya Debra ilikuwa juu ya duka la dawa, karibu na barabara ya Argwings Kodhek. Debra mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliwaketisha, akawapa maji.

"Na huyu?"

"Binti yangu. Sauti imempotea tangu asubuhi."

"Pole, mrembo. Itunze sana sauti. Ni kitu cha thamani."

Wahu akakohoa kidogo, kikohozi cha mgonjwa.

Mzee Ndeti hakungoja kuulizwa. Alisimama, kofia kifuani, na bahili wa maneno akafungua ghala. Alieleza Kinungi, alieleza mafuriko ya Malaba, alieleza ile nusu saa ya usingizi. "Mimi kwangu nilikuwa namwambia 'umefika' tu," alimaliza. "Wengine wote nilikuwa nawauliza, 'umefika na nini?' Huyu sikuwa na haja ya kuuliza. Ningekuwa bado na lori hata moja, madam, hungempata."

Waithaka aliinamisha kichwa. Safari hii Mzee alikuwa ameyasema kweli, kwa kinywa chake mwenyewe.

Debra aliandika, kisha akavaa miwani. "Asante, Mzee. Hayo ndiyo niliyotaka kusikia. Sasa nisaidie: jana nilizungumza na nani? Huyo alikuwa Mkurugenzi Mkuu. Alikuwa ukumbini. Akaniletea ng'ombe mwenye doa kwenye paji la uso." Akaisoma namba kwa sauti.

"Hiyo si yangu," alisema Mzee Ndeti. "Na sijawahi kuwa na ukumbi."

Debra alichukua simu yake akafanya kile kila mtu Nairobi hufanya akitaka kumjua mwenye namba: alijifanya anaitumia shilingi kumi, ili kabla ya kuthibitisha simu imtajie jina. Jina likaja. Akakigeuza kioo cha simu upande wa Waithaka.

"Wahu Mwaura. Unamjua?"

Waithaka akalitazama jina la mamake mzazi, ambaye wakati huo bila shaka alikuwa Ndeiya akipalilia maharagwe, na ambaye hakuwahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote isipokuwa mbuzi. Alilitazama kwa muda. Kisha, polepole, bila kugeuza kichwa, macho yake yakahama hadi kwenye kiti cha pembeni.

Wahu akakohoa tena.

"Bwana Waithaka," alisema Debra, na uchangamfu ulikuwa umeisha, "dereva mwenye ajali moja aliyoikiri, huyo napitisha. Dereva aliyepanga mtu wa kudanganya kwa niaba yake, huyo faili yake naifunga leo. Ni nani alipanga hii?"

Waithaka akaiweka kofia mapajani.

"Ni mimi," alisema Waithaka.

Debra akaivua miwani. Mzee Ndeti akamgeukia dereva wake kwa mshangao mkubwa, mshangao wa mtu aliyepigiwa simu asiyoitarajia.

"Waithaka," alisema. "Hiyo ni ng'ombe."

"Ni mimi, Mzee."

"Ni ng'ombe hiyo! Mimi nazijua!"

Wahu alisimama. Hakukumbuka kusimama, alijikuta tu yuko wima, na kile kilichotoka kinywani, kwa woga, kilikuwa sauti ya Mkurugenzi.

"Natangaza rasmi..." alianza, ikakatika, ikawa sauti ya msichana. "Madam, si yeye. Ni mimi."

Debra alimkodolea macho. Kisha akaegemea kiti chake, akaziba mdomo kwa kiganja, na tumbo likamtikisika kimya kimya mpaka machozi yakamtoka.

"Mkurugenzi!" alisema alipopata pumzi. "Karibu. Na ule ukumbi?"

"Ilikuwa sufuria, madam. Ya ugali."

"Nikajua nasikia bati!" Akafuta macho, akajaribu kuurudisha uso wa kazi, na ukakubali kwa shida. "Bwana Waithaka, kudanganya hujui. Usijaribu tena, unaaibisha. Jumatatu nenda kwa hiyo kampuni wakujaribu barabarani. Hapa kwangu umepita. Lakini faili siifungi mpaka Mkurugenzi atoe maelezo yake upya. Safari hii bila sufuria."

Wahu aliunganisha mikono mbele, kama alivyofundishwa kusimama siku ya wazazi. Alikuwa ametoa neno la shukrani mbele ya maaskofu na wabunge, na mara zote maneno yalikuwa yakimiminika. Sasa alilazimika kuyatafuta moja moja.

"Nashukuru Mzee Ndeti, ambaye nilifikiri hajui kusema. Nashukuru madam, kwa kutonifukuza. Na nashukuru..." Akamgeukia babake, aliyekuwa akimtazama na kofia yake mapajani. "Baba, namba niliibadilisha mimi. Niliogopa watakuuliza na hakutakuwa na mtu wa kukusema vizuri. Na siku ile ulinipeleka shule, ukalala kwa foleni, mimi nilisogea kando, nikajifanya sikujui. Jogoo ulimpa Mzee bure. Sikupotewa na sauti. Hakuna Mkurugenzi, hakuna Bodi." Alivuta pumzi. "Na hakukuwa na ng'ombe."